Sisi wa Saa Nane

Juzi kulikuwa na harusi hapa mtaa wa Tena, jirani na kwa binti yangu Nekesa ninakokaa siku hizi. Wakatuletea pilau na kachumbari, na soda kwa kila mmoja. Mimi nikapewa ya machungwa. Nilipofika nusu ya chupa muziki ukaanza, na mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukachukua kijiko na kuanza kukwaruza ile chupa. Haikutoa sauti yoyote. Ni plastiki, mwenzangu. Ni kama kukwaruza kandambili. Mzee wangu Wanyonyi alikuwa ameketi kando yangu, fimbo katikati ya magoti. Masikio yake yamechoka, lakini hilo aliliona kwa macho, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Mama Nekesa," akaniambia, "hiyo haina pete."

Kweli haikuwa na pete. Nawe kama hukuishi mtaa wa Mbotela miaka ile ya tisini, ngoja nikueleze.

Soda ya machungwa ilikuwa inakuja kwa chupa ya kioo, nzito, yenye mistari iliyoinuka kuzunguka tumbo kama pete zilizopangwa. Ukipitisha msumari mrefu juu chini kwenye zile pete, chupa inalia krrr-cha, krrr-cha. Kwetu magharibi, mtu akipiga gita kavu, lile lisilojua umeme, lazima pembeni yake awe na mtu wa chupa wa kumshikia mwendo. Wa Wanyonyi nilikuwa mimi. Chupa yangu ilikuwa ya soda ya harusi yetu, nikaikataza isirudi dukani. Msumari wa inchi sita ulitoka kiwandani kwake, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza misumari, zamu ya usiku, huko Industrial Area ng'ambo ya reli. Ule ulitoka kwenye mashine ukiwa umepinda kichwa, wakamwachia.

Mazoezi yetu yalikuwa Jumamosi asubuhi, mlangoni kwetu, nikishamaliza kufua. Nguo zinadondosha maji kwenye kamba, uji uko kwenye sufuria, Barasa mdogo amelala mgongoni mwangu. Yule mtoto alizoea chupa mpaka ikawa nikiacha kukwaruza anaamka na kulia. Wanyonyi hukaa kwenye kigoda na gita lake, na binamu yake Simiyu husimama nyuma akiitikia kwa sauti ile yake nyembamba ambayo usingeitarajia kwa mtu mnene hivyo. Nekesa alikuwa na miaka minane. Alikaa chini akichambua mchele na kusahihisha watu wazima.

"Baba, umemruka Odera."

"Nimemruka wapi?"

"Baada ya Akinyi. Odera anakuja baada ya Akinyi."

Na ni kweli alikuwa amemruka. Tulikuwa na wimbo mmoja mrefu ambao wote katika mtaa waliuita "ile ya majina". Wanyonyi aliutunga mwaka tuliohamia Mbotela, na kila jirani aliyetutendea wema alipewa ubeti wake. Akinyi mama pacha, aliyenipa maji siku mfereji ulipokauka. Odera fundi viatu. Mzee Kombo wa duka la kona, Kilonzo mwenye funguo za ukumbi, Mama Zuhura na karai lake. Wema ulikuwa haukomi, kwa hiyo na wimbo uliendelea kurefuka. Ubeti wa mwisho kabisa ulikuwa wangu. Nilipomuuliza mbona ananiweka mkiani, akasema mgeni hupakuliwa kwanza, wa nyumbani hula mwisho. Nikaridhika. Lakini hata nyumbani hakuwahi kuuimba huo ubeti. Alisema ni wa ukumbini, mbele za watu, na atauimba siku wimbo utakapofika mwisho.

Shida ilikuwa hapo. Wimbo haukuwahi kufika mwisho.

Sisi tulikuwa watu wa kufungua. Kila Jumapili katika ukumbi wetu wa mtaa kulikuwa na dansi la mchana, lililoandaliwa na Bwana Ndolo, mwenye spika. Bendi kubwa ilitoka mjini, suti nyeupe, viatu vyeupe, kiongozi wao akijiita Bosi Dimo. Bendi ilitakiwa ifike saa nane na kila siku ilifika saa kumi. Hayo masaa mawili ndiyo yaliyokuwa yetu: kuwashika watu wasichoke wakarudi nyumbani. Hatukuwa na suti. Wanyonyi alivaa koti lake la kanisani, mimi kitambaa changu cha kichwa cha maua.

Na kulikuwa na sheria. Lori la bendi likionekana, Bwana Ndolo husimama kando ya jukwaa na kupunga kitambaa cheupe. Kikipungwa unanyamaza, hata kama uko katikati ya neno. Jumapili hadi Jumapili, Wanyonyi aliacha ile ya majina ibaki ya mwisho kwa sababu watu ndiyo waliyoingoja, na Jumapili hadi Jumapili kitambaa kilipungwa tukiwa kwa Kilonzo au kwa Mzee Kombo. Siku moja tulifika kwa Simiyu, ubeti mmoja kabla ya wangu. Nilishika msumari kwa nguvu mpaka kiganja kikauma. Kitambaa kikapungwa. Wanyonyi akashuka, akafuta gita kwa mkono wa koti, akaniangalia kidogo. Aliposhuka hivyo alionekana amepungua kimo.

Wa kwanza kusema jambo lenyewe wazi alikuwa Mama Zuhura. Yeye alitoka pwani, na karai lake la bhajia lilikaa mlangoni mwa ukumbi, na bakuli la ukwaju pembeni. Jumapili moja tukitoka alitunyooshea mwiko.

"Nyinyi watu wa chupa mnanivunjia biashara, wallahi. Mkipiga hatoki mtu hata mmoja, mafuta yananipoa. Hao wa suti wakianza, ndio wote wanakumbuka njaa. Tazama!"

Tukatazama. Ndani Bosi Dimo alikuwa anapiga, na nje kulikuwa na foleni ya bhajia mpaka kwenye mfereji. Kijana mmoja mwenye kofia akapiga kelele, "Mathe wa chupa! Rudini ndani buda amalizie ile ya majina!" Mathe ni mimi, buda ni mzee wangu. Watu wakacheka, na sauti za kucheka zikaingia ndani. Bosi Dimo alizisikia. Mtu wa jukwaa husikia vitu kama hivyo hata ngoma ikipigwa.

Jumapili iliyofuata alifika saa nane kamili. Hakuna aliyeamini. Akamwambia Bwana Ndolo mbele yetu, "Leo sisi tunaanza. Hawa wafunge. Watu wanawapigia makofi kwa sababu wanatungoja sisi. Tuone kama kuna mtu atawangoja wao."

Simiyu akanong'ona, "Amekasirika huyo. Hata salamu hana." Lakini Wanyonyi uso wake ulikuwa umewaka kama wa siku ya harusi. Kufunga maana yake hakuna lori la kungoja. Kufunga maana yake wimbo unaisha wenyewe.

"Bendi ishuke saa kumi," akamwambia Bwana Ndolo. "Saa kumi na mbili king'ora cha kiwanda kinalia, nami niwe getini. Kutoka hapa ni mwendo wa nusu saa."

"Saa kumi wameshuka," akasema Bwana Ndolo.

Tukakaa kwenye benchi ya nyuma. Bendi ikapiga, na siwezi kuwasema vibaya, walijua kazi. Saa kumi ikafika, Bosi Dimo akaanza wimbo mwingine. Saa kumi na nusu, mwingine tena. Bwana Ndolo akasimama kando ya jukwaa, akachomoa kile kitambaa chake cheupe na kukipunga. Bosi Dimo akageukia upande wa pili kama mtu anayetafuta nzi ukutani. Bwana Ndolo akazunguka upande huo, akapunga tena. Bosi Dimo akafumba macho.

Mama Zuhura alikuwa ameingiza kichwa mlangoni. "Mpungie shuka, Bwana Ndolo! Kitambaa ni kidogo, labda haoni!"

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa Wanyonyi. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Wakati ule kazi ya zamu ikikuponyoka, kuna watu kumi wanaolala getini wakiingoja, na sisi tulikuwa na watoto watatu. Saa kumi na moja na robo akasimama, akavaa mkanda wa gita begani.

"Mama Nekesa, twende. King'ora hakingoji mtu."

Nikafunga Barasa vizuri mgongoni, nikachukua chupa. Moyo wangu ulikuwa mzito, nakuambia ukweli. Kwa jina langu niliweza kungoja. Kilichoniuma ni yeye, alivyotoka akiwa ameinamisha kichwa, kama aliyeingia bila kualikwa.

Mlangoni Mama Zuhura akatuziba njia. "Mnakwenda wapi? Watu hawajawasikia!"

"Kazini, mama."

"Kazini si unakwenda kwa miguu? Na mikono haina kazi njiani. Piga ukienda."

Wanyonyi akamtazama. Kisha akamtazama Simiyu, na Simiyu akainua mabega. Basi hapo hapo penye moshi wa karai akapiga nyuzi za mwanzo. Msumari wangu ukaingia wenyewe, krrr-cha, krrr-cha. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Akinyi mama pacha, na Akinyi alikuwa hapo kwenye foleni, bhajia mkononi. Alipiga vigelegele na ukwaju ukamwagikia gauni.

Tukaanza kutembea. Nekesa mbele, akitembea kinyumenyume ili aangalie baba yake asimruke mtu. Foleni ya bhajia ikatufuata. Kisha wa ndani wakasikia, wakaanza kutoka wawili wawili. Odera alitoka mbio amevaa kiatu kimoja, sijui kingine alikiacha wapi. Kilonzo akatoka na funguo zake kiunoni zikilia, hata akawa kama chombo cha tatu. Sisemi mtaa wote ulitufuata. Walikuwa watu arobaini, labda hamsini na watoto. Lakini nyuma yetu niliendelea kusikia bendi ya Bosi Dimo ikivipigia viti, mpaka tulipovuka reli.

Tulipofika getini jua lilikuwa limelala juu ya mabati ya kiwanda. Askari wa zamu alikuwa Mutiso. Akatoka kibandani akishika mkanda wake.

"Wanyonyi, hii ni zamu ama ni harusi?"

"Bado majina mawili, afande," Wanyonyi akajibu bila kuacha kupiga. "La Simiyu na la mwenye chupa."

Mutiso akaangalia saa yake. Akaangalia watu. "Yawe matatu. Niweke na mimi."

Hebu fikiria! Nimengoja miaka, na sasa askari anaingia mbele yangu kwenye foleni. Lakini Mutiso alikuwa amewahi kumfungulia Wanyonyi geti akiwa amechelewa, siku Barasa alipozaliwa, kwa hiyo alistahili. Akawekwa. Kisha Simiyu. Na Simiyu alipokuwa anaitikia jina lake mwenyewe kwa ile sauti nyembamba, king'ora kikalia.

Niliacha kukwaruza. Mwili wangu ulikuwa umezoea hivyo: kukitokea ishara, tunanyamaza. Wote wakanyamaza. Barasa akaamka akalia. Ila Wanyonyi hakunyamaza. Aliendelea kupiga, midomo inatembea, hatusikii neno, king'ora kimetufunika kama blanketi. Kitambaa alikuwa anakitii kila Jumapili. King'ora hakukitii. Akazunguka kwenye nyuzi zile zile, akazunguka tena, mpaka kikaishiwa na pumzi, ndipo akaimba ubeti wangu.

Hakusema Mama Nekesa. Alisema Naliaka. Mbotela nzima hakuna aliyejua naitwa Naliaka. Hilo ni jina la nyumbani kwa mama yangu, nimezaliwa wakati wa palizi. Akaimba kwamba Naliaka ndiye mwendo, yeye ni vidole tu. Kisha akapiga uzi wa mwisho na kuuacha ulie mpaka ukanyamaza wenyewe.

"Mbona uliacha chupa?" akaniuliza, akinipa gita. Kiwandani hakuruhusiwa kuingia nalo.

Nikalipokea. Mutiso alikuwa ameangalia upande wa reli kwa bidii sana, kama kwamba treni inakuja, mpaka Wanyonyi alipopita geti. Nilirudi nyumbani na gita begani, mtoto mgongoni, chupa mkononi, na nyuma yangu watoto wa mtaa wakiita, "Naliaka! Naliaka!" Tangu siku hiyo watu wengi waliniita hivyo, hata Mzee Kombo dukani.

Jumapili iliyofuata Bwana Ndolo alituomba tufunge tena. Wanyonyi akakataa. Alisema saa nane inatutosha, inamwacha mtu na wakati wa kuoga kabla ya zamu. Tukafungua miaka mingine minne, na kitambaa kikapungwa kama kawaida, naye akashuka akitabasamu. Wimbo uliisha mara moja tu, na mara moja ilimtosha.

Siku hizi ule ukumbi unawekwa magunia ya simenti. Mama Zuhura alirudi pwani, Odera na Mzee Kombo wamelala makaburini. Chupa yangu ilivunjika tukihamia hapa Tena, na mwenye duka la chini aliniangalia kama nimechanganyikiwa nilipomwomba yenye pete. Vidole vya Wanyonyi vimekakamaa, gita liko juu ya kabati la Nekesa limefunikwa gazeti.

Wajukuu hushangaa kwamba mimi niliyeishia darasa la tatu nakumbuka jina la kila mtu wa Mbotela. Sikuyashika kwa kichwa. Niliyashika kwa mkono, Jumapili baada ya Jumapili. Nikikata sukuma wiki jioni, kisu kinapata mwendo wake kwenye ubao, nami nayataja: Akinyi mama pacha, Odera fundi viatu, Mzee Kombo, Kilonzo wa funguo, Mama Zuhura, Mutiso, Simiyu. Nikifika hapo nangoja kidogo. La mwisho si langu kuimba. Kama Wanyonyi yuko macho pale kwenye kiti chake, analisema. Kama amesinzia, naacha hapo hapo kwa Simiyu, nawasha jiko.