Mablanketi Matatu na Tundu la Tatu

Wengi walionikosea nimewasamehe. Huyu jirani sijamsamehe, na ninaandika haya akili zangu zikiwa timamu.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini swichi naijua. Sisemi ile ya taa. Hii ni kisanduku cha bati chenye matundu manane, kimefungwa ndani ya kasha ukutani kwangu, kinapokea intaneti kutoka mjini na kuigawa mtaani. Waliiweka kwangu kwa sababu nyumba yangu iko juu mteremkoni, unaona mji wote mpaka Kihonda. Waya wa tundu la kwanza unakwenda shuleni, wa pili ofisi ya mtaa, wa tatu zahanati. Ufunguo wa kasha nilikabidhiwa mbele ya watu, nikaufunga kwenye pindo la kanga. Tangu mume wangu afe, hakuna aliyewahi kunikabidhi kitu mbele ya watu.

Kisha intaneti ya zahanati ikaanza kufa. Tena Jumanne, siku ya kliniki, wajawazito wamekaa kwenye benchi wanasubiri kuandikishwa kwenye kompyuta.

Jirani yangu ni mtani. Watu wake walitoka Tabora, na sisi Waluguru tunataniana nao tangu enzi za mababu. Tulikuwa msibani, nyumba ya tatu kutoka kwangu, akasimama katikati ya kina mama.

"Jamani, intaneti ya zahanati ikizima msimsumbue fundi. Mluguru huyu anachomoa waya achomeke birika lake la umeme!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka kwa meno. Mtani haruhusiwi kununa, ukinuna wewe ndiye mbaya. Lakini maneno yale yalitoka msibani yakaenda bombani, yakaenda dukani, yaliporudi kwangu hayakuwa utani tena. Haikupita wiki mbili, mwenyekiti wa mtaa akabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema kilichokuleta."

"Watu wanalalamika. Tunataka kasha tulihamishie kwa jirani yako. Naye yuko juu vilevile."

"Nipe Jumanne mbili. Ya pili uje na fundi wako, ufunguo utaukuta."

Akakubali. Sikulia. Nilimpigia simu binti yangu, yeye ni fundi wa mitandao huko Kihonda. Sikumwambia nataka kusafisha jina. Nilimwambia nataka kumshika mtu. Akaja, akaipanga swichi ile iwe inanitumia ujumbe kwa Kiswahili kila tundu linapokatika na kila linaporudi.

"Mama, ukichomoa umeme yanakufa matundu yote. Likifa moja, ubovu uko kwenye waya wa tundu hilo."

"Hebu rudia."

Akarudia. Siku ile nilikula ugali nikashiba.

Jumanne ya kwanza, saa nne asubuhi, simu ikalia: "Tundu la tatu limekatika." Nikatoka nje, nikaufuata ule waya kwa macho, kutoka ukutani kwangu, juu ya ua wa jirani, kuelekea zahanati. Maji ya bomba kwetu hutoka Jumanne tu, kila mtu anafua. Mtani wangu alikuwa amefua mablanketi matatu mazito, na ameyaanika juu ya waya wa intaneti! Yanachuruzika maji, waya umelegea kama tumbo la mbuzi aliyezaa sana. Saa kumi jioni alipoyaanua, simu ikalia tena: "Tundu la tatu limerudi."

Ningeweza kupiga kelele palepale. Nilinyamaza wiki nzima, na nakiri ilikuwa wiki tamu. Tulikutana dukani akaniuliza, "Birika linaendeleaje?"

"Linachemka, mtani. Linachemka."

Jumanne ya pili alikuja mwenyekiti na fundi wake, na muuguzi wa zahanati. Mtani naye akaja kupokea kasha, kavaa kitenge kipya, kufua kawaachia watu wa nyumbani kwake. Nikawapa viti. Simu nikaiweka mezani. Ilipolia, nikamwambia mwenyekiti asome kwa sauti. Akasoma. Nikafungua kasha: plagi iko mahali pake, taa za matundu mengine zinawaka.

"Nani kachomoa?" nikauliza. Nikafunga kasha. "Haya, nifuateni."

Tulipofika uani kwake, mwenyekiti aliyatazama mablanketi, akavua kofia. Mimi nikayavuta yote matatu nikayatia begani, maji yananichuruzikia mgongoni. Mtani ana haki ya kuteka kitu cha mtani mwenzake mpaka kikombolewe.

"Nimeteka," nikasema.

"Basi, mtani, nikuletee kuku."

"Kula mwenyewe. Ulinisema msibani, utanisafisha kwenye arobaini ya msiba uleule."

Arobaini ilikuwa bado siku kumi, tena miezi ya baridi, na huku mlimani baridi inaingia mifupani. Nilimsikia akikohoa. Sikumpelekea hata moja.

Siku ilipofika alisimama mbele ya kina mama walewale, akasema, "Aliyekuwa anakata intaneti ni mimi na mablanketi yangu." Nikamwambia apandishe sauti, wa nyuma hawajasikia. Akarudia.

Mablanketi nilimrudishia, nikayatupa juu ya uzio. Ufunguo bado uko pindoni mwangu. Na kila Jumanne, bomba likianza kutoa maji, nasimama mlangoni na simu mkononi, namuuliza mtaa mzima ukisikia: "Mtani, leo unaanika wapi?"