Mtoto Niliyemwacha Nje ya Fomu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka chakula hakipiti. Ilikuwa Jumamosi, mvua imekatika, mimi nimekaa sebuleni hapa hapa Pasiansi, fomu ya Kanada mezani, najiona nimeshafika. Vuta kigoda ukae. Karatasi zako ulizoniachia juzi nimezisoma zote, macho yananiuma, na nitakurudishia. Lakini kwanza nisikilize, maana na mimi niliwahi kuomba kwenda kukaa moja kwa moja kwenye nchi ya watu.

Nilikuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo hapa Mwanza, kule Nyakato, fundi wa daraja la kwanza, vyeti ninavyo. Miaka ile ya Ujamaa, kusema kweli, sikuichukia nchi yangu. Shamba la pamoja nililima, nyimbo niliimba, tena kwa sauti. Kilichonimaliza ni kukaa bure. Mashine inaharibika, kipuri hakuna, tunaambiwa subirini. Fundi mzima nashika ufagio, nafagia karakana asubuhi mpaka king'ora cha jioni. Ukitoka hapo, foleni ya sabuni, foleni ya sukari. Basi rafiki yangu niliyesoma naye ufundi, aliyekuwa ametangulia Kanada, akanitumia fomu. Wanataka mafundi, akaandika, unakuja na familia yako mnakaa daima. Loo! Siku ile hata ufagio niliushika kwa furaha.

Familia yangu ilikuwa mke wangu Veneranda, watoto wetu wawili wa kiume, na Restituta. Restituta alikuwa mtoto wa marehemu kaka yangu Laurenti. Laurenti alipofariki kwetu Ukerewe, mama wa mtoto akaolewa kwingine, ukoo ukakaa kikao ukanikabidhi binti akiwa bado ananyonya kidole. Kwetu mtoto wa kaka yako ni wako, hakuna anayeuliza. Kwa haki yake angeniita baba mdogo, kwa kuwa Laurenti ndiye mkubwa, lakini hakuniita hivyo hata siku moja. Aliniita baba. Nami popote nilipokwenda nilisema, huyu ni binti yangu mkubwa, na nilisema kwa kujivuna, maana alikuwa kidato cha pili na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha msimamizi wetu kiwandani. Barua zangu zote za Kiingereza alinisomea yeye.

Kabla ya kujaza ile fomu nilikwenda kwa Mzee Kamugisha, jirani yetu, karani mstaafu kutoka Bukoba. Alipitisha kidole kila mstari, akafika pale pa watoto.

"Huyu binti, cheti chake cha ubatizo kinasema baba yake ni nani?"

"Laurenti, mzee. Marehemu kaka yangu."

"Basi usiandike kwamba umemzaa, watakuona mwongo. Andika ni mtoto wa marehemu kaka yako, unamlea tangu lini. Nenda Ukerewe, ukoo ukuandikie barua. Chukua hati ya kifo cha kaka yako. Pita mahakamani upate karatasi ya ulezi. Miezi minne, mitano. Halafu ndiyo upeleke."

Miezi mitano! Mimi niliyechoka kusubiri kipuri, nikasubiri tena mhuri? Nikamwambia, "Na nikimwacha kwanza, mzee, nikamleta baadaye?"

Akavua miwani. "Wewe fundi, mtu mnakula sahani moja unamwachaje? Halafu karatasi haisahau. Karatasi ina kinyongo kuliko mkweo. Leo ukisema hayupo, kesho ukimtaja watakuuliza amezaliwa lini."

Nikaitikia ndiyo mzee, nimesikia mzee, nikaondoka moyoni nikimcheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Heri ningevunjika guu.

Sasa ile Jumamosi. Fomu nilikuwa nimeijaza kwa penseli, na mwandiko wangu ni wa fundi, kama kuku amepita. Nikamwita Restituta ainakili vizuri kwa wino. Unaona ujinga wangu? Sikufikiri hata kidogo. Mazoea, mwanangu. Akakaa, akaandika jina langu, kazi yangu, vyeti vyangu, jina la Veneranda. Akafika pale pa watoto. Kalamu ikasimama.

"Baba, hapa hukuniandika."

Nikamwambia, "Hapo wanataka wa kuzaa tu. Wewe utakuja nyuma, nikishapata nyumba."

"Sawa, baba."

Akaandika majina ya wadogo zake wawili, na tarehe zao, akapiga mstari chini kwa rula kama walivyofundishwa shuleni. Mwandiko wake haukutetemeka. Ningependa kukwambia ulitetemeka, labda ningestuka nikaichana ile fomu. Veneranda alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Aliniangalia tu, akarudi jikoni.

Kuna barua moja nyingine niliyoiambatisha, na hapo ndipo ujinga wetu wa enzi hizo ulipo. Sisi tuliamini mihuri. Karatasi ikiwa na mihuri mingi tuliona ina nguvu. Basi nikamwendea balozi wetu wa nyumba kumi, yule kiongozi wa chama mtaani, nikamwomba barua ya kunitambulisha, akaiandika, akagonga mhuri, akafunga bahasha. Sikuifungua. Ningeifungua ya nini, balozi ni mtu wangu.

Baada ya miezi kadhaa tukaitwa Dar es Salaam kuhojiwa, mimi na mke wangu. Tulipanda garimoshi na mayai ya kuchemsha na matumaini mengi. Ofisini kulikuwa na mzungu mmoja mpole sana na Mtanzania wa kutafsiri. Wakaniuliza juu ya mashine, nikajibu mpaka yule mzungu akatabasamu. Kisha akafungua bahasha ya balozi. Mtafsiri akamsomea: ndugu huyu ni mwananchi mwema, ana mke mmoja na watoto watatu, wa kwanza ni binti yake Restituta.

"Fomu inasema watoto wawili," mtafsiri akasema. "Restituta ni nani?"

Mwanangu, mpaka hapo mlango ulikuwa wazi. Ningesema, ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea, nilikosea kuandika. Maneno machache tu. Lakini niliona Kanada inaniponyoka, nikafungua mdomo huu huu unaouona, nikasema, "Ni mtumishi wetu wa nyumbani."

Veneranda alishika kiti. Mzungu akaandika kitu, akafunga faili polepole. Tulirudi Mwanza safari nzima mke wangu hajaniambia neno, hata la kuomba maji.

Mimi bado nilijidanganya. Nilisema yule mzungu alikuwa mpole, na mafundi wanawahitaji. Barua ilipofika kiwandani nilikimbia nayo nyumbani na ovaroli yangu imejaa grisi. Veneranda alikuwa sokoni. Restituta alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Tamaa mbaya sana. Nikampa kama nilivyompa barua zote, nikasema, "Nisomee upesi, binti yangu."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akaisoma kwanza kimya. Kisha akaanza kunitafsiria, pole pole, kama alivyozoea.

"Wanasema wanasikitika, maombi yamekataliwa. Wanasema maelezo yako hayalingani." Akasogeza kidole mstari wa chini. "Wanasema barua ya balozi imemtaja Restituta kuwa binti yako, lakini wewe mwenyewe ulisema... ulisema ni mtumishi wa nyumbani."

Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye hakulia, hakuinua sauti. Alishika karatasi kwa mikono miwili, akaniuliza kwa adabu yote tuliyomfundisha:

"Niendelee, baba mdogo?"

Basi. Kuanzia saa ile mpaka leo naongea na wewe, sijasikia tena akiniita baba. Hakunikosea adabu, sikiliza vizuri. Alimaliza shule, akawa muuguzi Bukoba, akaolewa. Kwenye harusi yake nilikaa na ndugu wa baba, kiti cha pili, na picha ya marehemu Laurenti ikawekwa kwenye kile cha kwanza. Veneranda alipofariki, yeye ndiye aliyemwosha. Kila mwaka ananiletea kahawa na shati jipya. "Shikamoo, baba mdogo." Nami naitikia marahaba, nageuka pembeni nafuta macho kama mtoto. Niliwahi kumwomba radhi, nimepiga magoti, mzee mzima. Akaniinua akasema, "Yaliisha, baba mdogo." Hayakuisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga mara mbili, kwa kalamu na kwa mdomo.

Kanada niliikosa. Kiwandani nikarudi kwenye ufagio. Hayo yote yalikwisha kuniuma zamani. Hili moja litaingia na mimi kaburini, wala sidhani kama huko litapoa.

Sasa chukua karatasi zako. Vyeti vyako vya uchomeleaji ni safi, barua ya mwajiri ni safi. Lakini yule mtoto wa marehemu dada yako, anayelala kwako kule Mkolani, niliyemwona amekung'ang'ania mguu siku ya Pasaka, pale pa watoto sikumkuta. Usiniambie utamleta baadaye. Hilo neno nalijua ladha yake. Mwandike jina lake kamili, eleza ni wa nani na umemleaje, tafuta hati ya kifo ya mama yake, kaa na ukoo, nenda mahakamani. Itakuchelewesha. Chelewa. Bahasha usiifunge kabla hujaisoma, na ukiulizwa sema kama ilivyo hata kama mlango utafungwa. Wakimkataa, wamkatae wao, wao si ndugu zake. Usiwe wewe wa kwanza.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akufungulie njia, kazi ya mikono yako ionekane huko uendako, baridi isikuue na upweke usikuue. Na mtoto anayekuita baba leo, akuite hivyo hivyo mpaka siku atakapokutupia udongo.