Chuma cha Kishada Namba Saba

Pale kwenye idara ya elimu ya nyota kila mtu alimwita Mama Vipimo, kuanzia Profesa hadi mfagizi. Mtu mmoja tu ndiye aliyemwita Dada, na huyo ndiye aliyemkaa rohoni kama mwiba.

Mama Vipimo hakuwa na shahada. Aliingia idarani kama karani wa picha, akakaa miaka kumi na tisa mbele ya kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi, akipima mwanga wa nyota moja baada ya nyingine. Zilikuwa nyota za galaksi kibete, jirani mdogo wa galaksi yetu, yenye vishada kumi na viwili vya nyota. Alivijua vishada hivyo kama vidole vyake. Alijua kipi kimesongamana, kipi kimetawanyika, na kipi kina nyota ya mbele iliyojipachika katikati bila kualikwa. Aliyebishana naye juu ya kipimo alijitafutia aibu bure.

Kisha mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, yule aliyembeba mgongoni na kumfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, akarudi kutoka masomoni na udaktari wake. Profesa akampa ofisi yenye dirisha. Akampa pia kazi ambayo Mama Vipimo aliiota miaka yote: kusema vishada vile vina umri gani, kipi kilizaliwa kwanza na kipi kilifuata. Alhamisi ya mwisho wa mwezi angeisoma mbele ya wageni.

"Mama Vipimo, wewe mpe tu namba," Profesa alisema, akicheka. "Yeye atazipa maana."

Kumbe miaka kumi na tisa alikuwa akipima vitu visivyo na maana! Alitabasamu kwa meno, akarudi mezani kwake.

Tusizungushe maneno: ulikuwa wivu. Kijiba cha roho kilimkaa hata chai haikushuka. Mlio wa viatu vya mdogo wake kwenye korido ulimchefua. Alipoulizwa, "Dada, umekula?" alisikia dharau ambayo haikuwapo.

Wiki tatu kabla ya Alhamisi ile, faili jipya likaingia. Data zote za darubini zilipita kwake kwanza, kisha yeye ndiye aliyeziweka kwenye folda ya wote. Faili hili lilikuwa na kipimo cha chuma cha kishada namba saba, na chuma si jambo dogo. Galaksi ile iko mbali, nyota zake ndogo hazionekani, yanaonekana majitu mekundu tu, nyota zilizovimba na kung'aa sana. Wekundu wake una sababu mbili: uzee, au chuma kingi. Nyota za mwanzo zilizaliwa karibu bila chuma. Zikakipika tumboni mwao, zikafa, zikaziachia zilizofuata. Kwa hiyo usipopima chuma, kishada kichanga chenye chuma tele na kikongwe kisicho nacho utaviona rangi moja.

Mdogo wake, kwa kukosa kipimo, alikuwa amekiazimia namba saba chuma cha majirani zake, akakipa miaka bilioni mbili. Mama Vipimo aliisoma rasimu aliyoachiwa mezani, kurasa zote isipokuwa ule wa kwanza. Akalifungua faili. Chuma kiduchu. Kishada kile kilikaribia bilioni tisa.

Mkono ulikwenda kwenye folda ya wote, ukasita. Akalihifadhi faili kwenye folda yake mwenyewe.

"Dada, chuma cha namba saba bado?" mdogo wake alichungulia mlangoni siku ya pili.

"Bado."

"Kikija usinisahau, jamani."

"Kikija utakiona."

Miongoni mwa wageni angekuwepo Mzee Chuma, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila mkutano aliuliza swali lilelile. Basi na aulize. Mama Vipimo alitaka kuona ule udaktari ukitoka jasho.

Alhamisi asubuhi alikaa kiti cha nyuma kabisa. Ukurasa wa kwanza ukatokea ukutani, wenye majina ya walioifanya kazi. La kwanza lilikuwa lake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Bado lilikuwa lake.

"Anayeongoza hapo ni dada yangu," mdogo wake alisema. "Profesa alikataa mara mbili, nami nikamganda mpaka akachoka."

Ukumbi ukacheka. Mama Vipimo aliinamisha uso. Kila kishada kilichotajwa kilimsogeza karibu na namba saba, na kilipofika, Mzee Chuma akanyoosha mkono.

"Binti, hicho chuma chake umekipima?"

"Hapana, mzee. Nimetumia cha majirani. Kipimo chake hakijafika."

"Una hakika?"

"Data zote hupitia kwa dada. Kingefika asubuhi, mchana ningekuwa nacho."

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Lakini miguu ilikuwa imeshamsimamisha.

"Kimefika," alisema. "Kipo kwangu, wiki ya tatu sasa."

Profesa aligeuka. "Kwa nini hukukitoa?"

"Wivu."

Mdogo wake alikata mstari kwenye karatasi yake, kisha akawaambia wageni kwamba umri wa namba saba haujulikani, akaendelea na namba nane.

Jioni, faili likiwa limeshawekwa kwenye folda ya wote, mdogo wake alikuja mezani kwake na hesabu mpya: bilioni tisa, kishada kikongwe kuliko vyote. Jina la Mama Vipimo lilikuwa bado la kwanza.

"Sijaliondoa," alisema. "Vipimo ni vyako."

"Mdogo wangu, nisikilize..."

"Ukiona kosa utanisahihisha, Mama Vipimo," alisema, akatoka na kuufunga mlango taratibu.