Nilisafisha ploti ya mathenge Garissa, nikaondoka na choo cha jirani

Wakuu, asalaam aleikum nyote. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mke wangu ameyasoma kabla sijapost, kwa hiyo hakuna mahali nimejipendelea.

Mimi ni mwalimu hapa Garissa. Nina ploti pembeni ya mji, upande wa mto, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa msitu wa mathenge.

Kwa wasioijua mathenge: ni mti wa miiba unaosambaa kama uvumi. Mwiba wake unatoboa ndala, unatoboa raba, na ukikutana na tairi ya boda siku imeisha.

Mwaka huu tukaamua kujenga. Mke wangu, Fardosa, akasema, "Baba Hanan, tuingie kwanza na panga. Tutafute bikoni za mpaka, tufunge kamba kwenye miti ya kubaki, tuongee na majirani. Tingatinga baadaye."

Ushauri mzuri. Sikuufuata.

Kulikuwa na tingatinga likitengeneza barabara karibu na hapo, na dereva wake, jamaa wa Mwingi, aliniambia ana Jumamosi moja tu kabla ya kupelekwa Hulugho. Nikaona bahati imenijia. Nikamwonyesha mpaka kwa kidole, kutoka hapa hadi kule.

"Kule wapi, mwalimu?"

"Kule mathenge inaisha."

Wakuu, jibu hilo ndilo lililonimaliza.

Kufikia saa nne asubuhi kazi imekwisha. Eneo jeupe, vumbi tupu. Nikapiga picha, nikatuma kwenye group ya familia.

Bado napokea pongezi, nikamwona Eeddo Kheyra anakuja polepole, kibirika cha plastiki mkononi. Ni jirani wangu wa nyuma, mjane, anaishi na mabinti zake wawili. Mtaa mzima unamwita eeddo, yaani shangazi.

Tukasalimiana vizuri kabisa. Akauliza hali ya watoto. Kisha akasema, "Mwalimu, umesafisha vizuri. Sasa choo yangu iko wapi?"

Nikamtazama dereva. Dereva akatazama lundo la miti. Katikati ya matawi palichomoza bati la bluu.

Kumbe choo chake kilikuwa ndani ya kile kichaka, kimezibwa na mathenge pande zote isipokuwa kijia cha upande wake. Dereva alidhani ni bati la kutupwa.

Ningecheka, ila akaongeza kwa sauti ya chini, "Jana saa hii Ayaan alikuwa ndani."

Ayaan ni binti yake mdogo. Nikakaa chini palepale. Miiba niliisikia baadaye.

Siku hiyohiyo mimi na shemeji yangu tukaanza kuchimba shimo jipya, karibu na nyumba ya eeddo. Yeye na mabinti wakawa wanaenda kuomba choo nyumba ya tatu. Kila wakipita wananisalimia kwa adabu. Salamu zile zilikuwa nzito kuliko sururu.

Siku ya tatu akaja mpimaji kutafuta bikoni. Akapima, akarudia, akaniita pembeni. Choo cha zamani kilikuwa ndani ya ploti yangu, hatua mbili nzima.

Nikafungua mdomo. Fardosa akaniangalia. Nikaufunga, nikarudi shimoni.

Wiki ya pili choo kikakamilika: slabu ya simiti, mabati mapya, komeo la ndani. Eeddo akaingia, akafunga mlango. Akatoka.

"Mwalimu, wewe ulisoma madrasa?"

"Nilisoma, eeddo."

"Basi mbona mtu akichuchumaa anaelekea kibla?"

Alikuwa sahihi: Mwislamu haendi haja akielekea Makka. Tukavunja slabu, tukageuza. Safari hii eeddo alisimama mwenyewe akatuonyesha upande.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujafyeka, ingia ndani kwa miguu yako. Tafuta bikoni, na waite majirani waonyeshe kilicho chao, hata kama unajua ardhi ni yako. Panga pia mizizi itatolewaje, maana mathenge yangu imeshachipua tena, inapendeza kabisa.

Aliyewahi kuing'oa ikaisha, naomba mbinu hapo chini. Wengine chekeni tu. Eeddo Kheyra mwenyewe anaisimulia kwenye harusi, na huwa ananiita nisimame watu wanione.