Jiko Lililosingiziwa

"Moshi wako huu ndio utakaonizika!" Fundi alifoka, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika mkasi.

"Nikuzike wewe, gauni langu nitalidai kwa nani?" akajibu Mama Kikaango bila kuyatoa macho kwenye mafuta. "Mwezi wa pili huu liko kwako."

Wawili hao walipanga nyumba moja iliyotazama ufukwe. Barazani Fundi aliweka cherehani yake, apate mwanga. Pembeni yake Mama Kikaango alikaanga samaki. Fundi alikuwa na pumu tangu utotoni, akaizoea kama mtu anavyomzoea wifi mkorofi: ukijua anakuja, unajipanga. Dawa yake ya kuvuta ilikaa kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na chaki. Lakini safari hii kifua kilimbana asubuhi, kikambana jioni, na macho yakamwasha kama aliyemenya vitunguu vya harusi. Alaumiwe nani kama si jirani mwenye moshi? Akamwendea mwenye nyumba, akalia mpaka akasikilizwa. Jiko likahamishiwa uani, nyuma ya tangi la maji, ambako mteja haoni kitu ila nguo za watu zilizoanikwa.

"Haya," Mama Kikaango alisema, karai mkononi. "Ila iko siku utaniomba radhi, na nitakaa kwenye kiti nikusikilize vizuri."

"Utakaa mpaka kiti kiote mizizi."

Jiko lilihama, kikohozi hakikuhama. Mara maji ya ufukweni yakageuka rangi, mekundu ya kutu, na samaki wakaelea matumbo juu. Watu wa afya wakapiga marufuku kuvua na kuuza. Jiko la uani likapoa kabisa. Kesho yake upepo ukavuma kutoka majini, mawimbi yakapasuka kwa kishindo, na Fundi akakohoa mpaka sindano ikamvunjikia kwenye kitambaa.

Mama Kikaango alikuja mbio. Akavuta droo, akamwaga bobini zote sakafuni, akampa dawa, kisha akamkokota hadi zahanati huku akimpepea kwa gauni lake mwenyewe, lile lisilokwisha.

"Unakaa wapi?" nesi akamuuliza Fundi alipotulia.

"Palepale ufukweni."

"Ndiyo maana. Rangi ile ni vimea vidogo mno vya majini, vimezaliana kupita kiasi, na vina sumu. Huanza kuzaliana kabla hata rangi haijaonekana. Wimbi likipasuka, sumu inaruka na vitone vya maji, upepo unaileta puani. Mwenye kifua kizima anakohoa kidogo, akiondoka hapo anapata nafuu. Wewe wa pumu inaweza kukutesa siku kadhaa. Upepo ukitoka majini, kaa mbali, funga madirisha, na dawa isikae mbali nawe."

"Na moshi?" Fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Moshi nao si rafiki yako. Kwani leo kuna anayepika hapo?"

"Nani apike?" akadakia Mama Kikaango. "Jiko langu limelala tangu jana. Muulize huyu, nani kamkohoza?"

Fundi akawa anahesabu nyufa za ukutani.

Jioni hiyohiyo alihamishia cherehani chumba cha nyuma, chenye dirisha la upande wa barabara. Mwanga ulipungua, akaongeza taa. Pumzi zikarudi, na ulimi nao ukarudi. Maji yalipotakata na samaki wakaruhusiwa tena, Fundi alilibeba jiko mwenyewe kutoka uani, akalitua barazani, kona ya mbali na chumba chake.

Mama Kikaango akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono. "Naam. Nasikiliza."

Fundi akakohoa kikohozi cha uongo. "Samahani," akaliambia jiko.

"Unaniomba mimi au unaliomba jiko?"

"Nililolisingizia ni jiko. Wewe kwa mdomo huo, nilikuonea kidogo tu."

Mama Kikaango alicheka mpaka kiti kikalia. "Basi nimesamehe kwa niaba yake. Na gauni?"

Gauni lilikuwa begani mwa Fundi tangu asubuhi, limeshonwa, limepindwa, limepigwa pasi.