Malengelenge ya Bugembe

Siku za kazi Afande Semei alikuwa askari magereza Mbale. Jumamosi alikuwa mwamuzi wa mpira. Kila alipoitwa kuchezesha mechi Bugembe, karibu na Jinja, alirudi nyumbani Nkoma akidai chai, na baada ya siku mbili tatu mdomo wake wa chini ulimwasha, ukafura, ukaota malengelenge.

Mara ya kwanza mkewe, Gorreti, alimkanda kwa maji ya vuguvugu. Mara ya tatu aliacha kumkanda, akaanza kumtazama. Semei akichezesha Mbale jioni, mdomo ulibaki salama. Akitoka Bugembe tu, kidonda.

"Baba Emma," alimwambia wakila, kwa upole uliomtisha mumewe kuliko kelele, "huyo mtu wa Bugembe huwa anauma?"

Semei akaapa kwa marehemu mama yake. Hakuaminiwa. Katika haraka ya kujisafisha akanunua sokoni krimu ya kung'arisha ngozi, ile ambayo wauzaji husema inaondoa kila kitu, akajipaka asubuhi na jioni. Wekundu ulitulia kidogo, kisha malengelenge yakatambaa hadi kidevuni. Sasa alionekana kama aliyebusiwa na kijiji kizima.

Gorreti mwenyewe akampeleka Jinja kwa Tejal, daktari wa ngozi, akakaa palepale asikie kila neno. Daktari alieleza kwamba kirusi cha malengelenge hayo humwingia mtu mara nyingi utotoni, kikajilaza kwenye mishipa ya fahamu. Ngozini kuna seli za kinga zinazoshika zamu. Jua kali la mchana lina miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, ambayo huzidhoofisha seli hizo na nyingine huzifukuza kabisa. Hapo kirusi hupanda mdomoni. Na mechi za Bugembe huanza saa saba, utosi ukichemka. Krimu nayo ilikuwa na steroidi, dawa inayozizuia seli zilezile zisifanye kazi.

"Afande," daktari akamwambia, "jua liliwalevya askari wako, halafu wewe ukaja ukawatia pingu."

Gorreti akashukuru, lakini moyoni akabaki na lake. Mdomo ulipopona na mumewe akapata likizo, alimpa kazi ya kupaka rangi ua wao wakati wa jua kali, bila kofia. Yeye alikaa kivulini akimenya maharagwe, jicho kwa mume. Haikuchukua siku nyingi, mdomo ukafura. Gorreti alifurahi hata akamkumbatia nje, watu wakiona.

Jirani yao Babirye, aliyekuja kuomba chumvi na aliyekwisha kusikia uvumi wa mtu wa Bugembe, alikitazama kile kidonda, akauliza kama afande alikuwa ametoka Jinja.

"Jinja wapi? Wiki nzima hajavuka lango," Gorreti akajibu kwa fahari. "Nimekuwa naye mimi tu."

Gorreti alipong'amua maneno yake mwenyewe yalivyosikika, Babirye alikuwa amekwisha kuondoka, bila chumvi.