Mabaka ya Muuza Mawese wa Kizuka

Nimepigiwa simu kutoka Kizuka kwamba yule rafiki yangu muuza mawese amefariki. Kabla hata sijamlilia, nilipandisha shati nikatazama kiuno changu, maana mimi pia nina baka pale. Mnanijua, wasomaji: shule yangu ni ndogo, nilijijenga kwa mikono yangu, na sizungushi maneno. Ninaogopa.

Tulijuana sokoni Rumonge, yeye na madumu yake, mimi na magunia yangu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alianza kwa kujikuna. Mabaka mekundu, makavu, kiunoni na makalioni, pale jua lisipofika. Kwenye zahanati wakasema ni fangasi. Kwingine wakasema ni pumu ya ngozi, wakampa pomade, dawa ya kupaka. Akipaka, yanafifia, akiacha, yanarudi. Na sisi watu wa huku tuna adabu yetu: kwa daktari huendi mchafu. Unaoga, unajisugua, unapaka mpaka ung'ae, kama mtu anayekwenda kuposa. Kila alipokaribia kwenda kwa daktari, yeye alizidisha pomade. Mke wake akamwambia aache, aonekane alivyo. Akamjibu mbele yangu: "Mama watoto, unataka niende kwa dokta na ngozi ya mamba? Atanirudisha ziwani." Tulicheka sote.

Hospitalini Bujumbura walimkata kipande cha ngozi, wakapima, wasione kitu. Alirudi akitununulia soda. Baadaye yakatoka mavimbe. Walipokata tena, ikawa saratani: zile chembe zinazolinda mwili zimegeuka, zimejaa kwenye ngozi. Nilikuwa nimemsindikiza. Daktari, yule yule wa mara ya kwanza, akamuuliza siku ile alikuwa amepaka nini.

"Pomade tu, dokta. Nilitaka unione niko safi."

Daktari aliweka kalamu chini. Halafu akasema, "Pomade ilituficha ugonjwa, mzee. Na mimi sikukuuliza."

Ndivyo tulivyolelewa kando ya ziwa hili. Mbele ya mkubwa, awe wa ofisi au wa hospitali, tunaficha unyonge, tunasema tuko salama, murakoze, yaani asante, tunaondoka nao. Baka langu huenda ni fangasi tu. Mengi ni fangasi. Lakini lako likikataa kupona, lipeleke kama lilivyo, taja kila ulichopaka, na likirudi, rudi nalo.

Kesho ninakwenda. Sijapaka kitu siku hizi, magamba yanadondoka kwenye shuka. Binti yangu ameniuliza kama sioni haya kuvua nguo hivyo mbele ya dokta. Haya ninaona, mwanangu. Woga ndio mkubwa zaidi.